Kochi la Daktari Asiyekuwepo

"Huyu daktari hayupo duniani, madam," alisema Koplo Mureithi, akaiweka simu mezani kama kitu kilichomchafua mkono. "Hajafa wala hajatoroka. Hakuzaliwa."

Inspekta Lorine Andati aliivuta simu karibu, akaitazama tena video aliyokwisha kuitazama mpaka akakinai. Lilikuwa tangazo fupi, la aina ile inayochomoza katikati ya wimbo wa kwaya unaoufuatilia kwenye mtandao wa video, utake usitake. Mzee mwenye mvi za heshima, koti jeupe, kipimo cha moyo shingoni, ameketi kwenye kochi na nyuma yake pazia jeupe. Anazungumza kwa upole wa mchungaji. Tupa sindano, ndugu yangu. Sukari si ndoa ya kanisani kwamba mpaka kifo kiwatenganishe. Kunywa Uzima wa Mizizi asubuhi na jioni, na ukila ugali, ule ushibe.

"Sura ni ya kompyuta," Mureithi aliendelea. "Kuna mtu aliketi pale, akasema maneno yale, kisha akavishwa uso wa mzee na sauti ya mzee. Wataalamu wetu wameichambua. Ukikazia macho, midomo inachelewa kidogo."

"Namba ya kuagizia?"

"Imesajiliwa kwa jina la nyanya mmoja wa Kakamega, marehemu. Alizikwa kabla hata dawa yenyewe haijabuniwa."

"Na ukurasa?"

"Tukiripoti, unashushwa. Jioni unazuka mwingine, jina jipya, daktari yule yule."

Lorine alisonya. Maabara ilikuwa imeshasema kilichomo ndani ya zile pakiti: tangawizi, mwarobaini na rangi ya keki. Unga wenyewe haukuwa na nguvu ya kuua hata inzi. Kilichoua ni lile neno, tupa sindano. Clare Otiende wa Makongeni, mama wa kanisa, mke wa mstaafu wa reli, aliyeishi kwa sindano za kisukari, alilisikia akatii. Hakumaliza mwezi. Daktari wa zamu, huyu wa kweli, alikuta pakiti ya Uzima wa Mizizi ndani ya kibeti chake, chini ya kitabu cha nyimbo, naye ndiye aliyepiga simu kituoni. Sasa Clare alikuwa mochari akingoja safari ya kwenda kuzikwa nyumbani, na tangazo bado lilikuwa hewani. Asubuhi hiyo hiyo, mahali fulani, mtu mwingine alikuwa akitupa sindano zake kwenye pipa. Hilo ndilo lililomnyima Lorine hamu ya chai.

"Mlete huyo wa bodaboda," akasema.

Wanyoike aliingia ameikumbatia helmeti. Alikuwa kijana wa Tassia, ndiye aliyesambaza mizigo ya ile dawa, na Mureithi alikuwa amekwisha kumhukumu moyoni. Pikipiki mpya, simu mpya, viatu vipya. Koplo aliamini kwamba viatu vipya ni nusu ya ushahidi.

"Mzigo unauchukua wapi?" Lorine aliuliza.

"Kwa duka la kutuma pesa, hapo Tassia, madam. Naukuta umefungwa, jina na namba juu. Mwenyewe simjui. Hunilipa kwa simu."

"Hukuuliza unabeba nini?"

"Kazi ya boda, ukianza kuuliza kilicho ndani ya mzigo, unalala njaa."

Mureithi alicheka kwa pua. Lorine hakucheka. Alimsogezea kijana picha ya Clare, ile iliyokuwa imechapishwa kwenye tangazo la kifo.

"Huyu ulimpelekea lini?"

Wanyoike aliitazama picha, akatikisa kichwa. "Huyu sijawahi kumwona."

"Aliinywa dawa yako mpaka ikamfikisha mochari, na hujamwona?"

"Makongeni nimeenda, sikatai. Lakini aliyenipokea si huyu. Alikuwa mama mwingine, mfupi, mweusi, ana pengo hapa mbele. Alinishukuru kama nimemletea zawadi kutoka ng'ambo. Akataka niingie ninywe chai. Mimi nikamwambia nina mizigo mingine."

"Hiyo ni hadithi ya kujiokoa," Mureithi alisema.

"Mwongo angemkubali tu huyo wa pichani, jambo likaisha," Lorine alijibu. "Mwache aende. Simu yake ibaki."

Kijana alipotoka, Lorine alirudi kwenye video. Safari hii alimziba daktari kwa kidole gumba. Ukimwondoa mzee na tabasamu lake, kilibaki nini? Pazia, ambalo linaweza kuwa shuka yoyote. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa. Na kochi, la mbao pembeni, la kale, na juu ya mkono wa kochi hilo, kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua manene katikati na ukingo wa uzi wa kijani.

Lorine alilelewa Umoja, katika nyumba ambayo kila kochi lilivaa kitambaa na kila kitambaa kilikuwa na shughuli yake. Jumamosi zake zote za utotoni ziliishia kwenye beseni, akivifua vitambaa vya mama, akivitia wanga, akivinyoosha kwa mkono mpaka kila petali isimame. Alivichukia. Alipopata nyumba yake mwenyewe aliapa kwamba kochi litakaa kichwa wazi. Lakini mtu hasahau alichokichukia kwa bidii, na mtindo ule wa maua manene hakuwahi kuuona Umoja.

"Mureithi. Kila kitu humu ndani ni cha uongo, si ndiyo?"

"Kila kitu, madam."

"Basi mbona kochi hawakulivisha sura ya uongo?"

Koplo aliinama akatazama. "Mimi naona kochi tu."

"Hata aliyerekodi aliona kochi tu. Huyo amekulia katikati ya vitambaa hivi, mpaka havioni tena. Washa gari. Tunaenda Makongeni, matangani kwa Clare; kwenye msiba kila nyumba huleta vitambaa vyake."

* * *

Nyumba ya marehemu ilikuwa katika safu ya nyumba za reli, milango ikitazamana kwa ukaribu ambao ukipiga chafya kwako, wa upande wa pili anakutakia afya. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka paa hadi paa. Chini yake wanaume walikuwa wakipanga mambo ya basi la kusindikiza mwili, sufuria zikichemka uani, na kwaya ikijaribu wimbo ambao sauti ya tatu ilikuwa ikiupotosha kila mara.

Mzee Otiende, mume wa Clare, alinyanyuka kuwapokea. Alikuwa mrefu, suti yake ya reli ya zamani ikimpwaya. "Karibuni. Msiulize neno kabla hamjaonja kitu. Clare angenikasirikia."

Kwa hiyo Lorine alikula. Alikaa akamega ugali wa matanga huku akijua kwamba amekuja kumtafuta mwenye hatia miongoni mwa waliomsongea, na kila tonge lilimshuka kwa aibu. Kijana mmoja mwenye kamera begani alimletea maji ya kunawa, kisha kiti chenye mgongo. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Huyu ni Sylvance," Mzee Otiende alisema. "Mtoto wa mlango wa pili. Anarekodi kila kitu bure, ili walioko ng'ambo waone. Nimemwambia apumzike, hataki."

"Mama Eve alikuwa mathe wangu pia," kijana alisema, akaondoka haraka. Eve ndiye binti wa marehemu, na kwa jina lake ndivyo mtaa mzima ulivyomwita Clare.

Lorine alimwonea huruma. Kisha aliingia sebuleni walimokuwa akina mama. Maua manene yalikuwa kila mahali. Yalikuwa kwenye makochi, kwenye viti vya kuazima, juu ya redio, juu ya meza yenye picha ya marehemu. Ufumaji ulikuwa mmoja, mkono mmoja. Kingo tu ndizo zilizotofautiana.

"Kazi nzuri hii," alimwambia mama aliyeketi karibu na picha, ambaye wenzake walimwita Mama Nasike na kumpisha kila anapotaka kusema.

"Ni yetu, kikundi cha Tabitha, hapo kanisani," Mama Nasike alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. "Mwenzetu tukimtembelea nyumbani, tunamvalisha makochi. Ua ni moja, ila kila nyumba ina rangi yake ya ukingo. Unajua, dada, kukiwa na harusi au msiba, viti na vitambaa vinaazimwa. Vikichanganyika, vita. Sasa hakuna vita. Rangi ya samawati ni ya Clare, hii nyekundu yangu, manjano ile ni ya mama wa pale kwa bomba."

Lorine alizungusha macho chumbani polepole. Samawati, nyekundu, manjano, zambarau, waridi, nyeusi, kahawia. Kila nyumba ilikuwa imeleta vyake kumheshimu Clare. Kila nyumba isipokuwa moja.

"Na kijani?" aliuliza. "Kijani ni cha nani?"

Ungedhani amemtukana marehemu. Mama mmoja akaanza kukunja leso yake upya. Mwingine akakumbuka sufuria. Mama Nasike alitazama sakafu, na wenzake wakatazama, kwa sekunde moja tu, mlango uliofungwa upande wa pili wa ua.

"Ni cha Norah," hatimaye Mama Nasike alisema, kwa sauti ya chini. "Mama Sylvance. Rafiki yake Clare wa tangu usichana. Walichota maji pamoja, wakazaa pamoja. Tangu kifo hiki kitokee hajavuka ua huu. Kitambaa hajaleta, kijiko hajaleta. Tumemwita, anasema kichwa kinamuuma. Tunaona haya hata kulitaja."

Nje, Mureithi, ambaye kwao ni Nyeri na hakuzijua mila za watu wa magharibi, aliinua mabega. "Kichwa kinaweza kuuma, madam. Au waligombana."

"Huku kwetu, mtu akiumwa anabebwa hata kwa kiti aje alie," Lorine alisema. "Wakiwa wamegombana ndio anakuja mapema zaidi na kulia kwa sauti, ili asisemwe. Kuna mtu mmoja tu asiyekanyaga matanga ya rafiki yake."

"Nani?"

"Yule anayedhani ana mkono katika kile kifo. Watu wetu husema huyo akila chakula cha pale, kitamkwama."

Alisimama kidogo akilitazama lile jiko la uani, na lile turubai, na Sylvance aliyekuwa amepiga magoti akirekodi watoto wakiimba. Wazo lilimjia, na hakulipenda. Alitamani awe amekosea. Kisha akavuka ua.

* * *

Aliyefungua alikuwa mfupi, mweusi, mwenye pengo mbele. Hakuuliza ni nani.

"Nilijua mtakuja," alisema Norah. "Ila nilidhani mtakuja na magari mengi."

Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, imesuguliwa ikang'aa. Makochi yalikuwa ya mbao pembeni, ya kale, na yote yalikuwa uchi.

"Vitambaa viko wapi, mama?"

"Nimefua."

"Kamba ya nje haina kitu."

Norah aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mureithi akabaki amesimama. Lorine alichutama mbele ya yule mama ili macho yao yalingane, akamwambia kwamba halazimiki kujibu, na kwamba akijibu, maneno yake yataandikwa.

"Dawa iliyokutwa kwa Clare uliipokea wewe," alisema. "Mwenye bodaboda anakukumbuka. Ulimkaribisha chai."

"Naye ni mwana wa mtu, amechoka. Ningemwachaje aende na kiu?"

"Ulikuwa ukiiuza?"

"Niuze?" Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Hapana, mwanangu. Mimi niliinunua kama watu wengine. Nina sukari pia. Tulikuwa tunaenda kliniki pamoja, mimi na yeye, tunaegemeana."

"Kwa nini uliiamini?"

Norah alifunika uso kwa kanga. Ng'ambo ya ua sauti ya tatu ilipotosha tena, na mtu akaambiwa arudie.

"Kwa sababu ya kochi," alisema akiwa chini ya kanga.

"Sikukupata, mama."

"Nilikuwa nimetoka nyumbani, nilienda kumwona dada yangu. Niliporudi, siku moja nikawa nasikiliza kwaya kwa simu, mara daktari akatokea. Mzee mzuri, mwenye adabu. Nikatazama, nikaona anakalia kochi langu. Kitambaa changu kile pale. Nikasema, Mungu wangu, kumbe Sylvance alimleta daktari mkubwa hapa kwangu, na mimi sipo, hata chai hakunywa. Mwanangu hurekodi watu wakubwa, nikajua amemrekodi hapa. Niliona fahari, inspekta. Nilichukua simu nikavuka mbio nikamwonyesha Clare. Nikamwambia, huyu si daktari wa kutangaza tu, huyu ameketi kwangu." Aliishusha kanga. "Clare alikuwa mwangalifu. Ya mtandaoni hakuyaamini hata kidogo. Lakini alipoona kitambaa alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe, akasema, basi huyu ni wa kwetu. Nikaagiza, nikamgawia. Mimi vidonge vyangu sikuviacha, niliogopa tu. Yeye aliacha sindano. Alinitangulia kwa imani."

Mureithi alikuwa ameacha kuandika. Lorine alimkazia jicho mpaka kalamu ikaanza tena.

"Ulijua lini kwamba hakuna daktari?"

"Alipolazwa. Nilimpigia Sylvance, nikamwambia, yule daktari wako, mlete haraka. Akacheka. Akasema, mathe, hakuna daktari, ni mimi nilikaa hapo nikajiweka sura. Ni biashara tu ya mtandao. Akaniuliza, kwani unamtakia nini? Nikasema, basi tu. Nikakata simu."

"Hakujua kwamba Clare alikuwa akiinywa?"

"Hajui mpaka saa hii." Alielekeza kidevu nje, kulikokuwa na turubai. "Unamwona anavyolia? Anamwombolezea mtu, na hajui amemfanya nini. Na mimi namtazama kupitia hilo dirisha, kila siku, na ulimi umekauka."

Kikulacho ki nguoni mwako, Lorine aliwaza, na wazo lile halikumpa raha ya aliyefumbua kitendawili. Miaka yote ya kazi alikuwa amewafuata wezi wakamkimbia. Hakuwahi kukutana na wizi uliokaa nyumbani ukasubiri kupokewa kwa chai.

"Mama, tangazo bado linaendelea," alisema. "Wewe ukinyamaza, kesho kuna Clare mwingine. Nahitaji useme kwamba kochi ni hili, na aliyelikalia ni nani. Bila wewe nina mbao na uzi tu. Wakili atazicheka mahakamani."

"Najua."

"Unaogopa jela yake?"

"Jela nitaivumilia. Mtu hutoka jela." Norah alijifuta macho kwa kiganja. "Nilizika watoto wawili kabla ya Sylvance. Alipozaliwa, akina mama wakasema kifo kimeuzoea mlango huu. Basi wakamchukua mtoto, wakamlaza pale nje kwenye takataka, kama aliyetupwa. Clare akapita, akajifanya hamjui mwenyewe. Akamwokota, akasema kwa sauti, kifo kisikie, huyu ni wangu, nimemwokota. Alikaa kwake, na mimi nikawa naenda kumnyonyesha kama mtoto wa mwenzangu. Ndiyo maana jina lake la nyumbani ni Owiti, aliyetupwa. Clare ndiye aliyeyadanganya mauti kwa ajili yake. Sasa niambie, wewe uliyesoma, mimi kama mama nitamwambiaje?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Lorine hakuwa na mtoto.

Ni Norah mwenyewe aliyeinuka. "Mwite," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwite kabla sijabadili nia."

* * *

Sylvance aliingia akijipangusa jasho, kamera bado begani. "Mathe, uliniita? Kichwa kimepoa?" Kisha akamwona Lorine, na Mureithi mlangoni, na makochi yaliyo wazi. Lorine aliona macho yake yakitua kwenye kochi moja na kukwama hapo. Aliijua ile namna ya kutazama. Ni ya mtu anayepiga hesabu ya alichosahau.

"Ni ile kitu ya online?" alisema, na kwa kweli hakuonekana kuogopa sana. "Madam, ile nitalipa faini. Ni tangawizi tu. Haiwezi kumdhuru mtu."

"Kaa chini, Sylvance," mama yake alisema.

"Mathe, usijali, haya ni mambo ya—"

"Clare aliinywa dawa yako."

Kijana alitabasamu, kama mtu aliyeambiwa mzaha usio mahali pake. "Dawa gani?"

"Mimi nilimpelekea. Aliona kitambaa, akaacha sindano."

Tabasamu lilibaki usoni pake muda mrefu kuliko inavyostahili, kwa kuwa hakuna aliyeliondoa. Kisha akaketi sakafuni, akiilinda kamera isigonge saruji, kwa mazoea tu ya kazi yake. Alimtazama mama yake, akamtazama Lorine, akarudi kwa mama.

"Lakini ile haikuwa ya watu wetu," alisema. "Mathe, ile ilikuwa ya watu wa huko kwa mtandao."

"Na hao ni watu wa nani?" Norah aliuliza.

Hakuliuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kweli kujua. Kijana akaanza kulia, si kama alivyokuwa akilia chini ya turubai. Huku alilia kwa kujificha, uso kwenye magoti, kama mtoto aliyejinyea mbele ya wageni.

Kijana alipopata pumzi, Lorine alichutama kando yake. "Simu yako. Shusha lile tangazo sasa hivi, mbele yangu, na kila ukurasa uliobaki. Na waliokuagizia, kila mmoja, atapigiwa simu leo aambiwe arudi hospitalini."

Sylvance alifungua simu, akakosea namba ya siri, akajaribu tena. Mureithi aliinama akawa anamsomea anuani za kurasa moja baada ya nyingine, sauti yake ikiwa imepoteza ukali wote wa asubuhi. Walipomaliza, koplo alitoa pingu. Lorine alitikisa kichwa.

"Atatembea," alisema. "Tunapita katikati ya waombolezaji."

Walitoka, Lorine mbele, kijana katikati. Hakukuwa na njia nyingine ya kufika kwenye gari isipokuwa chini ya lile turubai. Kwaya ilikuwa imepumzika, na watu wakanyamaza walipowaona, kwa ile haya ya watu wanaojua kuna jambo na hawataki kuwa wa kwanza kulijua. Mzee Otiende alikuwa amesimama mlangoni pake. Yeye peke yake hakuwa ametambua chochote, au labda huzuni ilikuwa imemziba macho. Alinyoosha mkono akamshika Sylvance begani.

"Usikawie huko unakoenda, mwanangu," alisema. "Kesho tukiutoa mwili, nimewaambia wazee wewe ndiye utakayebeba msalaba mbele ya jeneza. Eve ameridhika. Clare asingetaka mwingine."

Sylvance alitazama chini. Lorine, aliyekuwa na jibu la kila swali kituoni, alijikuta akizitazama kamba za turubai. Hata Mureithi aligeukia ukuta.

Nyuma yao mlango wa upande wa pili ulifunguliwa. Norah alikuwa amejifunga leso ya kikundi cha Tabitha kiunoni. Alivuka ua polepole, miguu mitupu, mbele ya macho ya wote ambao alikuwa amewakwepa, akasimama hatua moja kutoka kizingiti cha rafiki yake, na hapo hakuweza kuendelea.

"Hataubeba, Baba Eve," alisema. "Na mimi sistahili kuingia kwako. Lakini niruhusu niingie nikuambie kwa nini, mbele ya picha yake, kabla hamjamzika."

Mzee aliondoa mkono wake kwenye bega la kijana, akasogea kando ya mlango, akampisha apite.